Soko, Mizani na Amana: Mhadhara juu ya Biashara katika Miji ya Mwanzo ya Kiislamu



Maudhui niliyopewa ni biashara na maisha ya uchumi katika miji ya mwanzo ya Kiislamu, na kwa kuwa maudhui haya hayana ukomo, nimeyawekea mipaka miwili. Mpaka wa wakati ni miaka kama mia nne, tangu kuasisiwa kwa Basra katika ukhalifa wa Sayyidna Umar bin al-Khattab hata karne ya 5 ya Hijra, ambayo ni ya 11 ya Miladi. Mpaka wa mahali ni miji michache: Basra, Kufa, Fustat ya Misri, Baghdad, na bandari ya Siraf katika ufuo wa Uajemi, na pwani yetu nitaigusa pale ushahidi wenyewe utakapotuleta huku, wala sitaivuta kwa nguvu ili tujifurahishe.

Makusudio yangu ni kuthibitisha jambo moja. Wengi wetu tukiisikia Baghdad hukumbuka hariri, lulu, manukato na makasri ya makhalifa, tukadhani kuwa wingi wa mali ndio uliozaa biashara ile. Lakini hariri ilikuwako kabla ya Baghdad, na dhahabu ilikuwako kabla ya Fustat. Lililoipa miji ile nguvu yake ni taratibu zilizomwezesha mtu kumwamini asiyemjua: mizani inayokubaliwa na wote, mkataba wenye masharti bayana, hati iliyoandikwa, na mwangalizi anayepita sokoni kila siku. Amana kati ya ndugu na jirani ni jambo la kawaida popote duniani. Amana kati ya watu wasioonana uso kwa uso ni kazi ya kujengwa, na miji ile iliijenga. Nitaleta hoja sita, na katika ya sita nitaonyesha pia mahali ambapo amana hiyo ilikoma, na msiba uliofuata.

Hoja ya kwanza: Mshahara ulitangulia, soko likafuata

Basra na Kufa hazikuanza kuwa miji ya wafanya biashara. Zilikuwa kambi za askari, zilizopigwa katika ardhi ya Iraki ndani ya ukhalifa wa Sayyidna Umar, yaani baina ya mwaka 634 na 644, na Fustat kadhalika ilianzishwa na Amr bin al-As baada ya kufunguliwa Misri. Hapa ndipo panapofaa kutazamwa kwa makini uamuzi mmoja wa siasa uliokuwa na matokeo makubwa ya kiuchumi. Mashamba yenye rutuba ya Iraki hayakugawanywa kwa askari. Yaliachwa mikononi mwa wakulima walioyalima tangu zamani, wakayatolea kharaji, yaani kodi ya ardhi, na mapato yale yakakusanywa na kugawiwa askari kwa daftari maalumu, diwani, iliyowekwa yapata mwaka 20 wa Hijra, kila mtu akiandikwa jina lake na fungu lake.

Fikirini basi hali ilivyokuwa: maelfu ya wanaume na jamaa zao wamekaa mahali pamoja, wana fedha taslimu mkononi, wala hawana shamba. Mtu wa namna hiyo hununua kila kitu, tangu unga hata kiatu. Wakaja wauza tende na samaki, wafumaji, wahunzi, mafundi wa ngozi, wabadili fedha. Waarabu na Waajemi na Wanabati wa vijiji vya jirani wakachanganyika. Na katika umri wa mtu mmoja kambi ikawa mji. Al-Jahiz, mwandishi mashuhuri wa Basra aliyefariki mwaka wa 255 wa Hijra, inasimuliwa kuwa katika ujana wake aliuza mkate na samaki kando ya mfereji wa Sayhan kabla hajawa bingwa wa kalamu, na kitabu chake juu ya mabakhili kimejaa watu wa soko lile, wanaohesabu punje za tende na kubishana juu ya bei ya mafuta ya taa.

Masoko ya kwanza yalikuwa viwanja vitupu. Mtume, sala na amani zimshukie, alikuwa amewapa watu wa Madina kiwanja cha soko na kuagiza wasitozwe ushuru humo, na huko Kufa wanahistoria wanatueleza kuwa soko liliendeshwa kwa kanuni ya msikiti: aliyetangulia kufika mahali ni pake siku ile mpaka amalize kuuza au ainuke aende zake, na kesho ni ya atakayewahi. (Nawaona baadhi yenu mnatabasamu; naam, vijana wetu wanaoamka kabla ya alfajiri kuwahi nafasi penye kona ya soko wana watangulizi wenye heshima.) Vibanda vya kudumu na kodi za maduka vilikuja baadaye, katika zama za Bani Umayya.

Baghdad ilikuwa na mwanzo mwingine, kwa kuwa iliasisiwa kwa ramani. Khalifa al-Mansur aliianza mwaka wa 145 wa Hijra, 762 ya Miladi, mji wa duara wenye milango minne, ya Kufa, Basra, Khurasani na Sham, na hapo kwanza masoko yalikuwa ndani ya kuta. Baada ya miaka kumi na miwili hivi yakahamishwa nje, kusini, mahali paitwapo Karkh. Al-Tabari anasimulia kuwa balozi wa Rumi aliyezungushwa mjini alimwambia khalifa kuwa mji ni mzuri ila adui zake wamo ndani yake, akikusudia watu wa sokoni, kwani jasusi huingia popote kwa kisingizio cha biashara. Kisa kiwe hivyo au kisiwe, kuhamishwa kulilikuza soko badala ya kulidhoofisha. Al-Yaqubi, aliyeandika mwaka 891, anaeleza kuwa katika Karkh kila biashara ilikuwa na mitaa yake isiyochanganyika na nyingine, na katika upande mmoja wa mji anataja maduka ya warraqina, wauza karatasi na wanakili wa vitabu, zaidi ya mia. Mpango huu wa kuwaweka pamoja wenye bidhaa moja una hekima yake: mnunuzi hulinganisha bei kwa hatua chache, na mwangalizi humwona mdanganyifu upesi, kwa sababu jirani zake ndio washindani wake.

Hoja ya pili: Sarafu iliyosomeka na mizani isiyosemwa

Soko la watu wasiojuana haliwezi kusimama juu ya fedha inayotiliwa shaka. Katika miaka ya mwanzo Waislamu walitumia dinari za dhahabu za Rumi zenye sura za wafalme, na dirhamu za fedha za Kiajemi zenye sura ya madhabahu ya moto. Khalifa Abd al-Malik bin Marwan alibadili mambo hayo. Mwaka wa 77 wa Hijra ilipigwa dinari mpya yenye maandishi matupu, uzito wake gramu 4.25, na miaka miwili baadaye dirhamu mpya ikafuata, ya takriban gramu 2.97, kwa kanuni kuwa uzito wa dirhamu kumi ni uzito wa dinari saba. Juu ya sarafu hizo yaliandikwa matamko ya tauhidi na mwaka wa kupigwa, na juu ya dirhamu likaongezwa jina la mji. Mtu aliyepokea dirhamu Misri aliweza kusoma kuwa ilipigwa Wasit, mwaka fulani, kwa amri ya dola. Na dirhamu hizo zimefukuliwa kwa maelfu hata katika nchi za Skandinavia, ambako hapakuwa na khalifa wala kadhi.

Hata hivyo sarafu hukatwa kingo, huchakaa, na huchanganywa na madini duni. Kwa hiyo wafanya biashara makini walipima kabla ya kuhesabu. Watawala wa Misri walijua jambo hili, na katika makumbusho mbalimbali utaviona leo vidude ambavyo mgeni hupita bila kuvitazama: viduara vya kioo, aghalabu vya rangi ya kijani, vya kukaa katikati ya kiganja, vimepigwa muhuri wenye jina la gavana aliyeamuru na maneno ya kutaja kuwa huo ni uzito wa dinari kamili. Vya kale sana vina jina la Qurra bin Sharik, gavana wa Misri kuanzia 709 hata 714. Kwa nini kioo? Kwa sababu chuma hushika kutu na shaba husuguliwa ikapungua bila mtu kujua, ilhali kioo kikikwanguliwa huonyesha kovu. Mihuri ya aina hiyo ilibandikwa pia juu ya vikombe vya vipimo, hiki cha mafuta ya zeituni, hiki cha dengu, hiki cha bizari, hata mwanamke aliyetuma mtoto dukani aliweza kujua kuwa kikombe kilichopimiwa ni halali.

Jambo hili lina asili katika dini, na hapana haja ya kuwakumbusha masheikh waliopo kuwa iko sura nzima katika Kurani iliyopewa jina la wapunjao vipimo. Lakini nataka tuangalie tofauti baina ya kukemea na kuweka utaratibu. Kemeo humfikia mwenye kusikia. Kiduara cha kioo kilimfikia kila muuzaji, aliyemcha Mungu na asiyemcha.

Hoja ya tatu: Mtaji wa mmoja, safari ya mwingine

Nakuja sasa kwenye chombo kilichofanya kazi kubwa kuliko vyote, nacho ni ushirika uitwao qiradhi au mudharaba. Kabla ya Uislamu ulikuwa desturi ya Makka, na kila mwanafunzi wa madrasa anajua kuwa Bibi Khadija, mfanya biashara mwenye mali, alimtuma Mtume kabla ya utume kwenda Sham na bidhaa zake. Wanazuoni waliupokea mkataba huu wakaupangia masharti: Imam Malik, aliyefariki mwaka wa 179 wa Hijra, ana mlango mzima juu yake katika Muwatta, na al-Shaybani, mwanafunzi wa Abu Hanifa, aliyefariki mwaka wa 189, aliuchambua kwa mifano mingi inayonuka harufu ya soko. Wala si ajabu, kwani Abu Hanifa mwenyewe alikuwa na duka la vitambaa vya hariri mjini Kufa. Watu wale waliyajua maswali kabla hawajayatafutia majibu.

Mkataba ulifanya kazi hivi. Tuseme mjane wa Basra ana dinari 300 alizoachiwa na marehemu mumewe. Yeye hawezi kusafiri, na fedha ikilala sandukuni huliwa na mahitaji. Yuko kijana hodari asiye na kitu ila akili na miguu. Mjane humkabidhi dinari zile mbele ya mashahidi, wakakubaliana faida igawanywe nusu kwa nusu, au theluthi kwa theluthi mbili. Kijana akisafiri akauza akapata, mtaji hurudi kwa mwenyewe na faida hugawanywa. Merikebu ikizama bila kosa lake, mjane amepoteza mali na kijana amepoteza jasho, wala hadaiwi kitu. Lakini ikiwa mjane alisema usivuke bahari, naye akavuka, basi hasara ni juu ya kijana.

Tazameni uadilifu uliomo, na tazameni pia faida ya uchumi. Kwa kuwa riba imeharimishwa, mwenye mali hawezi kukaa kitako akasubiri ongezeko lake, iwe heri iwe shari. Imempasa kushiriki hatari. Na kwa kuwa hatari imegawanywa kwa haki, vijana maskini hawakuogopa kusafiri mbali, kwa sababu kushindwa hakukuwafanya watumwa wa deni. Ndipo mali ya wanawake, ya mayatima chini ya mawasii wao, ya mafundi waliojiwekea akiba kidogo, ikatoka sandukuni ikaenda China na Andalusia.

Hoja ya nne: Karatasi ilisafiri, dhahabu ikabaki

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Sura ya Baqara, inahusu kuandika madeni na kuyawekea mashahidi. Miji ninayoizungumzia iliishika aya hiyo, na ilipopata karatasi, ambayo utengenezaji wake ulienea kutoka Samarkand na kufika Baghdad mwishoni mwa karne ya 8, kuandika kukawa rahisi kuliko zamani za ngozi na mafunjo. Zikastawi hati za namna mbalimbali: sakki, iliyokuwa ahadi au amri ya kulipa; suftaja, ambayo mtu alilipa fedha Baghdad akapewa waraka, na mshirika wake akalipwa Fustat; na hawala, ya kuhamisha deni kutoka kwa huyu kwenda kwa yule.

Ninao mashahidi watatu. Wa kwanza ni Ibn Hawqal, msafiri wa karne ya 10, anayesema kuwa huko Awdaghust, kusini mwa Sahara, aliona kwa macho yake sakki ya deni la dinari 42,000 lililomhusu mfanya biashara wa Sijilmasa. Wa pili ni Nasir-i Khusraw, mshairi wa Kiajemi aliyefika Basra mwaka 1051 akiwa katika dhiki kubwa, nguo zimechakaa hata mwenye hamamu akamdhania mwendawazimu akamfukuza mlangoni. Mtu huyu asiye na senti aliona kuwa mjini mle palikuwa na masoko matatu kwa siku, moja la asubuhi, moja la adhuhuri na moja la jioni, na kwamba mwenye mali aliiweka kwa sarafu, mbadili fedha, akapewa hati, kisha kila alichonunua alimwandikia muuzaji akalipwe na sarafu yule, wala hakutumia kitu kingine maadamu yumo mjini. Hata vita na maasi yaliyoipiga Basra kabla yake, ambayo nitayataja punde, hayakuiua desturi hii.

Shahidi wa tatu ni ghala moja katika hekalu la Mayahudi la Fustat, ambamo kwa karne nyingi zilitupwa karatasi zilizoisha kazi, kwa kuwa haikujuzu kuharibu maandishi yanayoweza kuwa na jina la Mungu. Mwaka 1896 mwanachuoni Solomon Schechter alikwenda Misri, akazipeleka nyingi Cambridge, na baadaye S. D. Goitein alitumia sehemu kubwa ya umri wake kuzisoma. Humo zimo barua za wafanya biashara, aghalabu kwa lugha ya Kiarabu iliyoandikwa kwa herufi za Kiebrania: huyu analalamika kuwa mshirika wake hajamjibu, yule anaomba apelekewe khabari za bei ya kitani kabla merikebu hazijang'oa nanga. Na humo inaonekana wazi kuwa Mwislamu, Myahudi na Mkristo waliweka mali pamoja katika shirika moja na kutumia mikataba yenye sura moja, maana soko la Fustat liliuliza uaminifu wa mtu kabla ya kuuliza dini yake.

Hoja ya tano: Mwangalizi wa soko, na wakfu uliorudisha mali kwa watu

Watu wa zama zetu hubishana kama serikali ipange bei au iache. Katika hadithi Mtume aliombwa kupanga bei bidhaa zilipopanda, akakataa, kwa kuchelea kumdhulumu mtu mali yake. Lakini kuacha bei huru hakukuwa na maana ya kuliacha soko lenyewe. Ilikatazwa kuzuia chakula ghalani ili kipande bei. Ilikatazwa kutoka nje ya mji kuulaki msafara na kumnunulia mtu wa shamba bidhaa zake kabla hajajua bei ya mjini. Ilikatazwa kuficha kasoro. Na aliyesimamia haya alikuwa muhtasibu, ambaye cheo chake al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, anakiweka baina ya ukadhi na mazalim, mahakama ya kuondoa dhuluma: yeye hakungoja mashitaka, alitembea. Yahya bin Umar, mwanazuoni wa Ifriqiya aliyefariki mwaka 901, ana kitabu katika vya kale kabisa tulivyo navyo juu ya hukumu za soko, na maswali yaliyomo ni ya mikate pungufu, maziwa yaliyotiwa maji, na tini zilizopakwa mafuta ili zing'are. (Mwenye kudhani kuwa udanganyifu ulianza katika zama zetu, na akisome kitabu hicho.)

Kisha faida ya soko ilikuwa na njia ya kurudi kwa umma, nayo ni wakfu. Mfano ninaoupenda ni hospitali aliyoijenga Ahmad bin Tulun huko Fustat yapata mwaka 873. Al-Maqrizi anasimulia kuwa mgonjwa akiingia alivuliwa nguo zake, zikawekwa pamoja na fedha zake kwa mtunza amana, akavishwa nyingine, akapewa kitanda na dawa bure. Na dalili ya kuwa amepona ilikuwa aweze kula kuku na mkate mzima, ndipo akarudishiwa mali yake akaenda zake. Gharama zote zilitoka katika kodi za nyumba na maduka aliyoyaweka wakfu, ya washona viatu, ya soko la vitambaa, na ya soko la watumwa.

Nimesema soko la watumwa, nami sitaki mlipite neno hilo kwa haraka. Linatufikisha kwenye hoja ya mwisho.

Hoja ya sita: Bahari yetu, na mahali amana ilipokoma

Siraf ilikuwa bandari iliyobanwa baina ya milima na bahari, mahali pa joto kali, pasipo na mashamba, na utajiri wake wote ulipita juu ya maji. Al-Istakhri, mwanajiografia wa karne ya 10, anasema kuwa nyumba zake zilijengwa kwa msaji na kwa miti iletwayo kutoka nchi ya Zanj, nchi ambayo ni pwani yetu hii. Tajiri wa Siraf alilala chini ya boriti zilizokatwa huku kwetu. Na pembe za ndovu zilikwenda Oman, kisha Bara Hindi na China. Haya anayasema al-Masudi, aliyesafiri mwenyewe katika maji haya, na safari yake ya mwisho kutoka kisiwa cha Qanbalu kurudi Oman ilikuwa mwaka wa 304 wa Hijra. Kwa upande wetu ardhi nayo imetoa ushahidi: huko Shanga na Manda vimefukuliwa vigae vya mitungi ya Iraki na Uajemi yenye rangi ya samawati na kijani, na Mtambwe Mkuu, huko Pemba, mwaka 1984 iligunduliwa akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000 zenye majina ya masultani wa pwani, pamoja na dinari chache za dhahabu za Wafatimi. Hatukuwa watazamaji wa biashara ile. Wazee wetu walipima, walihesabu, na walipiga sarafu zao wenyewe.

Lakini bahari hiyo hiyo ilibeba watu waliouzwa. Sheria ilimpa mtumwa wa dukani nafasi fulani: bwana wake aliweza kumruhusu afanye biashara, na mikataba yake ikakubaliwa. Mtumwa wa mabwawa ya kusini mwa Iraki hakuwa na lolote. Kazi yake ilikuwa kukwangua tabaka la ardhi yenye chumvi ili shamba la tajiri lipate kulimika, na posho yake, kwa masimulizi ya al-Tabari, ni unga na tende kidogo. Mwaka 869 watumwa hao waliasi chini ya kiongozi wao, Ali bin Muhammad. Mwaka 871 waliingia Basra kwa upanga na moto. Na haikuwezekana kuwashinda mpaka 883, baada ya miaka kumi na minne ya vita. Miongoni mwao walikuwamo watu wa asili ya Afrika ya Mashariki, ingawa wanahistoria hawakubaliani juu ya wingi wao.

Nini mafundisho ya jambo hili kwa hoja yetu? Jemedari wa vita atasema Basra iliangushwa kwa udhaifu wa majeshi. Mimi nasema iliangushwa na watu ambao jina lao halikuwamo katika mkataba wowote. Mizani iliwahusu kama bidhaa, hati iliwahusu kama mali, na muhtasibu, aliyetembea sokoni kutafuta mikate pungufu, hakufika mabwawani. Mji ulijenga amana kwa kila aliyetia mkono katika biashara, ukalisahau jasho lililokuwa chini ya biashara. Na siku deni hilo lilipodaiwa, hapakuwa na sarafu wa kulilipa.

Hatima ya maneno

Mabibi na mabwana, nimesema kwa urefu, na subira yenu ni sadaka. Lililobaki ni la mbele yetu, nami naliweka katika mambo matatu.

La kwanza ni la wanafunzi. Vitabu nilivyovitaja vimechapishwa, na wanaojua Kiarabu katika mji huu si wachache. Wanaojua tarikh ya pwani na elimu ya vigae na sarafu nao wapo. Walakini hawa na wale hawakai meza moja. Natamani kuona, kabla ya miaka mingi kupita, kijana wetu anayeweza kusoma hukumu za al-Shaybani asubuhi na kusoma sarafu ya Mtambwe alasiri.

La pili ni la wenye maduka na halmashauri. Mtu na nduguye wanafungua duka pamoja, hakuna hati wala fungu lililotajwa, na mzee akifa watoto wanakutana mahakamani. Shirika liandikwe wakati wa mapenzi, maana wakati wa ugomvi halitaandikika. Na mizani ya soko letu ipigwe muhuri na kukaguliwa, wala mwangalizi asiishie kwenye mikate. Awaulize pia wachukuzi na vibarua wanalipwa nini, na kwa makubaliano gani.

La tatu ni la kila nyumba. Fustat ilipata bahati ya hewa kavu. Sisi tuna mchwa na unyevu, na kila mwaka madaftari ya mababu, hati za wakfu na barua za manahodha zinachomwa pamoja na takataka kwa sababu hakuna mwenye kuzisoma. Naomba kuanzia wiki hii yeyote mwenye karatasi ya namna hiyo asiitupe kabla ya kumwonyesha mwalimu wake au sheikh wake. Na ikiwa Mwenyekiti ataniruhusu, napendekeza kikao chetu kijacho kisiwe mhadhara: kila mmoja aje na hati moja, atuambie ni ya nani, iliandikwa lini na inasema nini, nasi tuanze kuziorodhesha mmoja mmoja.